Haja ya Moyo na Radhi ya Mola

 

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu jambo ambalo kila mwenye dini analijua katika siri yake, ijapokuwa ni wachache wenye kulitamka: ya kuwa moyo wa mja hutaka vitu vingi, wala si vyote katika hivyo ambavyo dini yake imemtakia. Mtu hutaka mali; hutaka kumuoa mwanamke fulani wala si mwingine; hutaka cheo, hutaka sifa, hutaka kupumzika pale anapoitwa kufanya kazi, na hutaka kusafiri pale anapotakiwa akae na wazazi wake waliokwisha kuwa wazee; kisha mtu huyo huyo, alfajiri kabla jua halijachomoza, husimama akaelekea kibla na kukiri kwa ulimi wake kwamba uhai wake na mauti yake ni ya Mola wa viumbe wote. Je, huyu aliyesimama juu ya msala na yule atakayekuwa sokoni saa mbili baadaye, wanakutana wapi?

Yako majawabu mawili mepesi ambayo hutolewa aghalabu, na mimi yote mawili hayanitoshi. La kwanza ni la wale wasemao kwamba matamanio yote ni uchafu, na kwamba mcha Mungu hasa ni yule aliyeuua moyo wake hata asitake kitu. La pili ni la wale ambao, wakisha kutaka kitu, humzunguka mwanachuoni huyu na huyu mpaka wampate wa kuwaambia kuwa hakina ubaya, nao wakaondoka wameridhika kana kwamba dini imewaridhia wao, ilhali ni wao walioiridhia dini kwa siku hiyo moja. La pili halihitaji maneno mengi, kwa kuwa kila mtu hulitambua likitendwa na jirani yake. Hili la kwanza ndilo lenye hatari ya kuwapoteza watu wema, na kwa hiyo nitaanza nalo.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim habari ya watu watatu waliokwenda kwenye nyumba za wakeze Mtume, rehema na amani zimshukie, wakauliza juu ya ibada yake. Na walipokwisha kuambiwa wakaiona kama ni chache, wakajisemea kwamba yeye amekwisha kusamehewa, na sisi tu wapi naye? Basi mmoja akaazimia kusali usiku kucha maisha yake yote, wa pili akaazimia kufunga kila siku asifungue, na wa tatu akaapa kujitenga na wanawake asioe kabisa. Habari ilipomfikia Mtume hakuwasifu kwa juhudi yao. Aliwaambia kwamba yeye ndiye anayemcha Mungu zaidi kuliko wao, walakini hufunga na hufungua, husali na hulala, na huoa wanawake. Na mwenye kuuacha mwendo wake, huyo si katika wenziwe. Na katika hadithi nyingine masahaba walistaajabu kuambiwa kwamba mtu hupata thawabu kwa kumwendea mkewe, wakauliza vipi mmoja wetu atimize shahawa yake kisha alipwe. Nao wakajibiwa kwa swali, kwamba kama angeitimiza katika haramu, je, asingepata dhambi? Shahawa, basi, ni ile ile moja. Kinachoifanya kuwa thawabu au kuwa dhambi ni mahali inapowekwa na nia inayokwenda nayo.

Mwanachuoni aliyelifafanua jambo hili kuliko wengi ni Imamu Abu Hamid Ghazali, ambaye kitabu chake kikubwa, *Ihya*, kinajulikana sana katika pwani yetu hii, kwa kuwa Masharifu wa Hadhramaut waliokuja huku na tarika yao ya Alawiya walikishika mno, wakakisomesha Lamu na Unguja na Ngazija kama wanavyokisomesha kwao Tarim. Kitabu hicho kina vitabu vidogo 40 ndani yake, vimegawanywa katika robo nne: ibada, mambo ya desturi, mambo yenye kuangamiza, na mambo yenye kuokoa. Katika robo hiyo ya maangamizi Imamu anasema waziwazi kwamba ghadhabu na shahawa haziwezi kung'olewa katika moyo wa mwanadamu, wala haikukusudiwa zing'olewe. Kwani mtu asiyetamani chakula atakufa, na watu wasiotamaniana hawatazaa, na asiyeghadhibika hatajilinda nafsi yake. Kinachotakiwa ni kuzifunza mpaka zitii. Naye hupiga mfano wa kokwa ya tende, ambayo haiwi mtofaa hata ikitunzwa vipi, wala si mtende mpaka sasa, lakini imeumbwa iweze kuwa mtende akitokea wa kuipanda na kuilea. Ndivyo ilivyo tabia ya mtu: haigeuki ikawa kitu kisichokuwa ndani yake, lakini kilicho ndani yake hakikui ila kwa ulezi.

Na kwa kuwa nimemtaja Ghazali na shahawa ya chakula, nitakwenda pembeni kidogo, maana kuna jambo aliloliandika miaka zaidi ya 900 iliyopita ambalo mtu akilisoma leo huhisi kama kwamba Imamu alipita Marikiti ya Mombasa mwisho wa Shaabani. Anauliza: itafaa nini saumu ikiwa mja atakiahirisha chakula cha mchana akakikusanya pamoja na cha usiku, na imekuwa ada ya watu kuwekea akiba vyakula vya kila namna kwa ajili ya Ramadhani, hata wakala katika mwezi huo wasivyovila katika miezi kadhaa? Nasi tunavijua vyakula hivyo kwa majina yake: tambi za sukari, kaimati, sambusa, mihogo ya nazi, mkate wa sinia, na uji wa kusukumia vyote hivyo. Sisemi kwamba futari njema ni dhambi. Mimi mwenyewe sitaki kualikwa mahali ambapo mbaazi hazikutiwa nazi ya kutosha. Nasema tu ya kwamba mwezi uliowekwa ili nafsi ipunguziwe, nafsi imekwisha kuufanya kuwa mwezi wake, na haikupinga saumu hata kidogo katika kufanya hivyo. Imefunga nasi, imesali tarawehe nasi, na imepata ilichokitaka.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tumezoea kuyaogopa matamanio yanayosimama mbele ya dini na kupigana nayo, kama vile ulevi na uzinzi na wizi. Nayo kwa hakika ni ya kuogopwa, lakini haya huonekana, na anayeyatenda hujua anatenda nini. Tamaa iliyo ngumu kuitibu ni ile inayoingia msikitini pamoja na mtu, ikasimama safu ya mbele, ikaitwa kwa jina la ibada. Na hakuna kisa kinachoyadhihirisha haya kuliko kisa cha Ghazali mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1058 katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, mahali ambapo leo pako ndani ya Uajemi. Baba yake alikufa yeye na nduguye Ahmad wangali wadogo, wakalelewa kwa elimu kwa sababu madrasa ndiyo iliyokuwa ikiwapa wanafunzi chakula. Yasimuliwa kwamba katika ujana wake, alipokuwa akirejea kutoka kusoma Jurjani, majambazi waliukata msafara wakachukua kila kitu, naye akawafuata nyuma akimsihi mkuu wao amrudishie karatasi zake tu, kwani humo ndimo mlimo elimu yote aliyoihangaikia. Jambazi yule akacheka, akamwambia, wadaije kuwa una elimu, na sisi tukikunyang'anya karatasi unabaki huna kitu? Akamrudishia, na kijana alipofika kwao akakaa miaka mitatu akayahifadhi yote aliyokuwa ameyaandika, ili mwizi mwingine asipate la kumwibia. Baadaye alikwenda Nishapur kusoma kwa Imamul Haramain Juwaini, mwanachuoni mkubwa wa zama zile, na Juwaini alipofariki mwaka 1085 akaenda kambini kwa waziri Nidham al-Mulk, aliyekuwa akiiendesha dola ya Waseljuki. Waziri alimpenda, na mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka 33, akamtuma Baghdadi akawe mkuu wa masomo katika madrasa ya Nidhamiya.

Fikirini, mabwana, cheo hicho kilikuwa nini. Baghdadi ndio mji wa khalifa, na Nidhamiya ndiyo madrasa ya madrasa, na kijana huyu wa Tus alisomesha wanafunzi 300, wengine katika hao ni wanavyuoni waliokuja kuinama mbele yake. Wako waliosimulia kwamba siku alipoingia Baghdadi watu waliyakisia mavazi yake na mnyama aliyempanda, wakaona vyote vyatimiza dinari 500. Alikuwa akiandika vitabu vya kuwajibu wanafalsafa, akiandika vingine kwa amri ya khalifa, na kutoa fatwa zilizokwenda mbali. Kama dini ilikuwa na kilele, watu walimwona yeye ameketi juu yake.

Ndipo, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu alichokiandika uzeeni kuhusu safari ya nafsi yake, alipoanza kuitazama kazi yake. Akaona kwamba amali iliyo bora katika amali zake zote ni kusomesha. Akaitazama nia yake katika hiyo, akakuta haikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali kinachomsukuma ni jaha na kuenea kwa jina. Hakujikuta mlevi wala mla riba. Alijikuta mwalimu wa dini anayefanya kazi ya dini kwa tamaa ya dunia, akahisi kwamba amesimama juu ya ukingo unaomomonyoka.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya nimpende mtu huyu, kwani hakuondoka siku ile. Alikaa karibu miezi 6, tangu Rajabu mwaka 488 wa Hijria, anatanguliza mguu mmoja na kuurudisha wa pili. Asubuhi huazimia kutoka Baghdadi. Jioni askari wa matamanio humshambulia wakaivunja azma yake. Sauti moja humwambia, ondoka, umri umebaki mchache na safari iliyo mbele ni ndefu. Na nyingine humwambia, hali hii ni ya kupita, na ukiitii ukakiacha cheo hiki kikunjufu kisichokuwa na msukosuko wala ugomvi, huenda kesho nafsi yako ikakitamani tena na isikipate. Msikilize huyo wa pili jinsi anavyosema kwa busara! Hamwambii akufuru. Humwambia angoje.

Na hapa wasikilizaji wetu Wakristo watamkumbuka mtu wa Afrika hii hii yetu, Augustino, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi inayoitwa leo Algeria, ambaye ameungama katika kitabu chake kwamba katika ujana alikuwa akimwomba Mungu ampe usafi wa mwili, lakini asimpe bado, kwa kuwa aliogopa dua yake isije ikakubaliwa upesi. Naye alizunguka na shingo upande kwa miaka mingi mpaka akabatizwa Milano mwaka 387. Watu hawa wawili, huyu wa Thagaste na yule wa Tus, dini zao mbali na zama zao mbali, lakini wangekutana wangeelewana haraka sana juu ya neno hili la "bado".

Turudi Baghdadi. Mwisho mwili wa Ghazali ulikata shauri ambalo moyo wake ulishindwa kulikata. Ulimi ulifungika. Alikuwa akijilazimisha kusomesha japo siku moja, ili kuwaridhisha wanafunzi waliomjia, lakini hakuweza kutamka neno. Kisha huzuni ikaingia moyoni, na tumbo likakataa kazi, mchuzi haushuki wala tonge haisagiki. Matabibu walikata tamaa, wakasema kwamba jambo hili limeanzia moyoni, wala halina dawa mpaka moyo wenyewe utulie. Hapo alimlilia Mola wake kilio cha mtu aliyekwama asiyekuwa na hila, na moyo wake ukafanyiwa wepesi wa kuyaacha mali na jaha na wana na marafiki. Aligawa mali aliyokuwa nayo, hakubakisha ila ya kumtosha yeye na chakula cha watoto wake, na mwezi wa Novemba mwaka 1095 akatoka.

Na alitoka kwa hila! Aliwatangazia watu kwamba anakwenda Makka, ilhali moyoni mwake alikuwa amekusudia Sham, kwa kumchelea khalifa na marafiki zake wasije wakamzuia. Jambo hili hakulificha, amelieleza mwenyewe kwa kalamu yake. Na sababu aliyoitaja inastahili kuzingatiwa: alijua kuwa hakuna hata mmoja katika wakubwa wa Iraki atakayekubali kwamba ameondoka kwa ajili ya dini, kwa sababu wao waliamini kwamba pale alipokuwapo ndipo penye cheo cha juu kabisa katika dini. Walipoona ameondoka, waliokuwa mbali walidhani ameogopa watawala, na waliokuwa karibu, ambao waliwaona watawala wakimng'ang'ania naye akiwakwepa, wakasema hili ni jambo la mbinguni, halina sababu isipokuwa ni jicho lililowapata Waislamu. Waliona la husuda ni karibu zaidi na akili kuliko kuamini kwamba mwalimu wa dini ameikimbia kazi yake ili aipate dini.

Kwetu pwani tunaye aliyeuona ugonjwa huu wa moyo, naye ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwenye utenzi wa *Al-Inkishafi*, ambaye aliyatazama majumba ya Pate yaliyobaki magofu, na badala ya kuwahubiria watu wa Pate akauelekea moyo wake mwenyewe akaukemea na kuuhoji. Wengi katika sisi tunaousifu utenzi ule huusoma kana kwamba umeandikiwa matajiri.

Sasa nitawasimulia kisa kingine, ambacho Ghazali amekiweka katika *Ihya* pale anapowataja watu wenye kughurika, nacho ni cha Bishr bin Harith, mcha Mungu wa Baghdadi aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 200. Mtu mmoja alimjia kumuaga, akamwambia, nimeazimia kuhiji, je, una lolote la kuniagiza? Bishr akamuuliza ameandaa masurufu kiasi gani. Akajibu, dirhamu 2,000. Akamuuliza tena, watafuta nini kwa hija yako: kuipa dunia mgongo, au ni shauku ya Nyumba, au radhi ya Mwenyezi Mungu? Yule mtu akasema, bila ya shaka kama afanyavyo kila mmoja wetu akiulizwa hivyo, radhi ya Mwenyezi Mungu. Basi, Bishr akasema, ikiwa utaipata radhi hiyo nawe umekaa nyumbani kwako, kwa kuzitoa dirhamu hizo 2,000, ukawa na yakini ya kuipata, utafanya? Akasema, nitafanya. Akamwambia, nenda ukawape watu kumi: mwenye deni alipe deni lake, fakiri atengeneze hali yake, mwenye watoto awalishe, mlezi wa yatima amfurahishe yatima wake, na kama moyo wako una nguvu ya kumpa mmoja tu, mpe, kwani furaha utakayoiingiza katika moyo wa Mwislamu ni bora kuliko hija 100 baada ya ile ya faradhi. Inuka ukazitoe, au tuambie yaliyomo moyoni mwako. Yule mtu akasema: ewe Abu Nasr, safari yangu ina nguvu zaidi moyoni mwangu. Bishr akatabasamu, akamwambia kwamba mali ikisha kukusanywa kwa uchafu wa biashara na mambo ya shubuha, nafsi hudai itimiziwe kwayo haja yake, nayo hujidhihirisha kwa amali njema.

Kisa hiki mimi hukirudia mara kwa mara, na kila mara jicho langu hutua juu ya mtu yule asiyetajwa jina kuliko juu ya Bishr. Alikuwa mkweli. Angeweza kutoa hoja, na hoja zilikuwapo tele, maana hija ni ibada kubwa wala hapana awezaye kumlaumu mwenye kuiendea. Lakini alipoulizwa kwa mara ya mwisho alisema alichokuwa nacho, kwamba anaitamani safari. Anatamani kupanda ngamia, kuiona njia, kulala jangwani na wenzake, kurudi akapokewa. Wala si haramu kutamani hayo. Laiti angelianza kwa kusema, naitamani safari, na safari ninayoitamani ni ya Makka, nadhani Bishr angalimwombea dua njema na kumwacha aende zake. Kilichomtia katika ghururi ni kuipa shauku yake jina lisilokuwa lake.

Nasi tunayo ya namna hiyo, kila mmoja kwa kadiri yake. Yuko anayesoma maulidi kwake kila mwaka, na mwaka ambao fulani hakuja humkasirikia mwaka mzima. Yuko anayejenga msikiti hatua mia kutoka msikiti mwingine ambao paa lake lavuja. Yuko anayemkemea mwanawe hadharani kwa kukosa sala, na ghadhabu yake haikutokana na sala bali na kwamba wazee wa mtaani wamemwona. Wala sisi tunaoketi mbele ya chombo hiki cha redio tukawasemesha watu dini hatukusalimika. Tena huenda sisi tukawa wa mwanzo, kwa kuwa sauti ya mtu ikimrudia kutoka katika nyumba za wengine humpendeza kuliko inavyompasa.

Lakini palipo wazi zaidi ni katika istikhara. Katika miji yetu mtu akitaka kuoa au kuoza, kusafiri au kununua shamba, huambiwa atie istikhara kwanza. Nayo ni sunna ambayo sahaba Jabir amesimulia kwamba Mtume alikuwa akiwafundisha katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Kurani. Wako wanaoifanya kwa kusali rakaa mbili na kuomba wenyewe, na wako wanaomwendea mwalimu akawatazamia kitabuni. Sina nia ya kuingia katika hukumu ya hao wa pili. Nataka tu kuuliza, ni wangapi katika hao au hawa wanaokwenda na shauri lisilokatwa? Mahari yamekwisha kutajwa, kanzu zimekwisha kushonwa, ndipo mtu aseme, ngoja nitie istikhara. Ya kwanza ikija mbaya husemwa kwamba mwalimu alikuwa na haraka. Ya pili isipofahamika hutafutwa mwalimu wa mji mwingine. Ya tatu ikija nzuri, basi hiyo ndiyo istikhara, na harusi hufungwa kwa furaha kubwa.

Na hali dua yenyewe, mtu akiisikiliza huku akiisoma, haimruhusu kufanya hivyo. Maana yake ni kwamba mja humwambia Mola wake: wewe wajua nami sijui, kama jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nijaalie na unirahisishie, na kama ni shari, liepushe nami, nami uniepushe nalo. Angalieni, mabibi na mabwana, kwamba hapo pana maombi mawili. Kuepushwa jambo na mtu ni rahisi kulielewa: msichana huolewa na mwingine, shamba hununuliwa na mwingine. Lakini mtu kuepushwa na jambo ni kwamba moyo wake nao uondolewe pale, asibaki akiuzunguka ukuta wa shamba la watu miaka kumi. Kisha dua humalizia kwa kuomba ajaaliwe kheri popote ilipo na aridhishwe nayo. Mwenye kuomba hivi hakujidai kwamba hana anachokitaka. Amekuja nacho mkononi, amekitaja kwa jina lake, kwani sunna ni kuitaja haja yenyewe katikati ya dua; kisha ameomba kwamba, ikiwa hakitakuwa, na kule kukitaka kwake nako kusiwe. Sijui ombi lililo gumu kuliko hilo kwa mtu anayeliomba kwa dhati. Na ndiyo maana wanavyuoni wamependekeza liombwe mapema, kabla moyo haujaegemea upande.

Yatakuwapo maswali, nami nayasikia toka hapa: je, mtu afanyeje akiisha kuiona tamaa yake imejificha katika ibada yake, aiache ibada? Hapana, shetani angefurahi sana kwa jawabu kama hilo. Wanaojizuia na sala kwa kuogopa riya wameikimbia mvua wakaingia mtoni. Ghazali aliiacha kazi yake, ni kweli, lakini msichukue kutoka katika kisa chake kwamba dawa ni kukimbia, kwa kuwa kisa hakikuishia katika njia ya Sham, na sehemu iliyobaki ndiyo inayosimuliwa mara chache.

Alikaa Dimishki karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia mlango mchana kutwa. Akaenda Baitul Mukadas akawa anajifungia ndani ya Kubba ya Mwamba. Akazuru kaburi la Nabii Ibrahimu, akahiji Makka na kuzuru Madina. Na kisha, asema mwenyewe, fikira za nyumbani na wito wa watoto vikamvuta akarudi kwao, yeye ambaye alikuwa mtu wa mwisho kudhani kwamba atarudi. Yule aliyejitenga na khalifa na wanafunzi 300 hakuweza kujitenga na wanawe; wala sioni kwamba aliona haya kuliandika hilo. Huko kwao aliendelea na upweke wake, lakini riziki na mambo ya nyumbani yalikuwa yakimkatiza, na utulivu wake ukawa wa kupata na kukosa.

Ikapita miaka 11 tangu kutoka kwake Baghdadi, na mwaka 1106 akatakiwa kwa amri arudi kusomesha, safari hii katika Nidhamiya ya Nishapur. Hapo alianza kuikagua nafsi yake upya, na alichokikuta hakikumpendeza. Alijiambia: isiwe kule kuushika kwako upweke kumekuwa ni uvivu na kutaka raha, na kutaka nafsi yako itukuke na isalimike na maudhi ya watu. Baada ya miaka yote hiyo ya kujinyima, alishuku kwamba kujinyima kwenyewe kumekwisha kuwa starehe yake. Ya kwamba tamaa iliyotolewa katika kiti cha Baghdadi imemfuata kimyakimya mpaka katika chumba cha fakiri ikakaa naye humo. Basi hakujiamini kukata shauri peke yake. Aliwataka shauri watu wenye macho ya moyo, nao wote wakaafikiana kwamba aiache hali yake ya upweke. Akaenda Nishapur akakalia kiti cha namna ile ile aliyoikimbia, akasomesha.

Naye ameandika kwamba watu walidhani amerejea, lakini yeye anajua kuwa hakurejea, kwa sababu kurejea ni kuyarudia yale yaliyokuwa; na zamani alikuwa akieneza elimu ya kuchumia jaha na kuwaita watu kwayo kwa kauli na kitendo, na sasa anawaita katika elimu ya kuiachia jaha. Kisha akaongeza maneno ambayo mtu mwenye kujisifu asingeyaongeza: kwamba hiyo ndiyo nia yake kwa anavyojua, na kwamba anataka kujitengeneza nafsi yake na wengine, wala hajui kama atafika anakokusudia au atakatikiwa njiani.

Hakukaa Nishapur muda mrefu. Alirudi Tus, akajenga kando ya nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makao ya mafakiri wa Kisufi, akagawanya saa zake baina ya kuhitimisha Kurani na kukaa na watu hao na kusomesha. Na aliyeandika habari zake kwa kumjua, Abdul Ghafir wa Nishapur, anasema kwamba katika siku zake za mwisho mwanachuoni huyu, ambaye alikwisha kuandika juu ya fikihi na falsafa na tasawufi vitabu visivyobebeka, alianza kuzisoma Bukhari na Muslim, akawa anaketi pamoja na wenye elimu ya hadithi, kwa kuwa katika fani hiyo alijiona mchache. Alifariki mwezi wa Disemba mwaka 1111, akiwa na miaka 53.